Mwenye Meza na Kiti cha Nne

Ukitaka kumwelewa Mwenye Meza, kwanza ukubali jambo ambalo mama yangu hajalikubali mpaka leo: kwamba kuna watu wazima, wenye kazi za maana na maumivu ya mgongo, wanaoomba likizo ili wakae siku tatu ndani ya ukumbi wa hoteli karibu na uwanja wa ndege wa Dallas, wakicheza. Si kamari. Wanacheza michezo ya mezani: ya ubao, ya kadi, ya dadu zenye pande ishirini, na ule wa masimulizi, ambao ndio ulikuwa wake. Usicheke bado. Nitakueleza taratibu, kama alivyonieleza yeye, isipokuwa mimi sitakuita mjinga.

Katika mchezo wa masimulizi, mtu mmoja ndiye mwenye meza. Yeye ndiye dunia nzima: ndiye mvua, ndiye mlango uliofungwa, ndiye zimwi lililo nyuma ya mlango. Wengine kila mmoja ana mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi, nguvu zake na udhaifu wake. Mwenye meza anasema, "Mmefika mtoni, daraja limevunjika. Mnafanya nini?" Wachezaji wanasema wanachofanya, na pasipo na uhakika, dadu inaamua. Ni hayo tu. Umeshaelewa. Mimi ilinichukua miezi minne.

Wenye meza walikuwa wengi ukumbini. Wa Kiswahili alikuwa mmoja. Meza yetu ilikuwa kwenye kona ya mwisho, kati ya mlango wa dharura na mapipa ya taka, mahali ambapo waandaaji walituhakikishia kwa upendo mkubwa kuwa ni patulivu.

Alikuwa Mkongo wa Kivu aliyekaa miaka mingi kambini Kigoma kabla ya kuletwa Texas. Siku za kazi tulikuwa naye ghala moja, Grand Prairie, ambako mimi huwafundisha wafanyakazi wapya, naye alikuwa akipanga maboksi kwa namna iliyowatia wengine aibu. Nilimwuliza siku moja wikendi anafanya nini. Akasema, "Naua watu." Kisha akaona uso wangu, akaongeza, "Kwa karatasi, Mama Neema. Kuya Jumamosi."

Nikaenda. Ukumbini nilipishana na mwanamke mwenye mabawa, wanaume watatu waliovaa deraya za plastiki, na mtu mzima mwenye mkia uliokuwa ukikanyagwa kila baada ya hatua mbili. Mwenye Meza alikuwa amevaa suti ya kijivu, tai, na kalamu mbili mfukoni. Wamarekani walipita, wakasimama, wakamsifu. Walitaka kujua amevaa kama nani. "Ofisa," aliwajibu. Wakatikisa vichwa kwa heshima. Mwaka mmoja walimpa zawadi ya tatu ya mavazi, naye hakuwa ameingia kwenye mashindano; alikuwa ametoka kwenda msalani.

Lakini jibu lake halikuwa la mzaha tu, kwa sababu katika dunia yake hapakuwa na kiumbe wa kutisha kuliko ofisa. Kwenye meza nyingine watu walipambana na majoka. Sisi tulipambana na dirisha la kioo lenye kitundu cha kuongelea.

"Bon," angeanza, akifungua faili lake la kahawia. "Muko mbele ya mulango. Nyuma ya mulango iko joka. Lakini joka iko na secrétaire."

"Namuua," alisema Wanjiru siku ya kwanza. Wanjiru ni nesi wa Nairobi anayeishi DeSoto, mtu mwenye huruma sana wodini.

"Utamuua na papier gani?"

"Na upanga, Mzee. Niko na upanga hapa, imeandikwa."

"Upanga iko na muhuri?"

Tulitumia saa mbili kutafuta muhuri. Zimwi la kwanza kukutana nalo lilituuliza tumetoka wapi, likatupeleka chumba kingine, kisha cha tatu, likituuliza yaleyale, halafu likalinganisha majibu. Deo, Mtanzania wa Dodoma anayefanya kazi ya kompyuta ofisini Plano, alisema mara ya kwanza kuwa ametoka kaskazini, na mara ya tatu kuwa ametoka mlimani. Zimwi likamrudisha mwanzo wa mchezo.

"Jamani Mzee, mlima si uko kaskazini?"

"Zimwi hajui ile. Zimwi anajua umesema bintu mbili."

Tulicheka mpaka meza ya jirani ikatuomba tupunguze sauti. Yeye hakucheka. Alikuwa akiandika kwenye faili lake. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba maswali yale hakuyatunga. Aliyanakili kutoka kichwani, kwa mpangilio uleule ambao maofisa wa wakimbizi walimwuliza yeye pamoja na mkewe, mara tatu, katika vyumba vitatu.

Sasa nieleze juu ya salamu, maana ndizo zilizotuponza na ndizo zilizotupa sifa. Tamasha hili la hotelini, la kila mwaka, lina mashindano: meza kumi zinapewa kisa kimoja, na meza inayofika mwisho kwanza inashinda. Mwaka ule kisa kilikuwa na mchawi mzee ndani ya pango. Meza nyingine zilimchoma moto ndani ya dakika tano. Deo aliambiwa kuna bibi kizee ameketi gizani, na kabla ya kufikiri akasema, "Shikamoo, bibi."

Mwenye Meza aliishi Kigoma muda wa kutosha kujua kinachofuata. Akasema kwa sauti ya yule bibi, "Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko mtokako?"

Hapo tulikwisha. Ukishaitikiwa marahaba, utamchomaje mtu moto? Deo alimwuliza hali ya miguu. Mimi nikamwuliza kama amekula. Wanjiru alipiga meza: "Wee! Huyu ni mchawi, si cucu yako! Tunapoteza time!" Lakini hata yeye, ilipofika zamu yake ya kurusha dadu, aliomba radhi kwanza. Tukatoka pangoni na baraka, dawa ya kikohozi na nafasi ya kumi kati ya meza kumi. Waandaaji walitangaza matokeo kwa kipaza sauti. Mwenye Meza alisimama akainama, kama aliyeshinda. Tangu siku hiyo watu wakawa wanakuja kusimama nyuma ya viti vyetu kutazama, bila kuelewa neno, kwa sababu wamesikia kuna meza ambayo watu wake wanawajulia hali maadui.

Alikuwa na misemo yake. Mchezaji akisitasita, "Amua, mvua haikungojei." Mchezaji akijisifu, "Voilà, andika ile kwa CV." Na mchezaji akichelewa, hakusema kitu, aliendelea kusimulia, na katika simulizi mhusika wa aliyechelewa alikuwa amelala njiani, mdomo wazi, nzi wanaingia. Deo alikula nzi wengi sana.

Alichukia kuchelewa kuliko alivyochukia mazimwi, lakini yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kuchukua dakika arobaini kueleza rangi ya mlango. Alidai kuwa meza ni ya Kiswahili na Kiswahili tu, lakini hakuna Kiswahili cha mtu kilichompendeza. Cha Wanjiru alisema kimepigwa na gari. Cha Deo alisema ni cha redio. Changu alisema ni kizuri sana, kinafaa kutangazia misiba. Tulipomwambia chake nusu ni Kifaransa, alijibu, "Ndiyo nusu ya muzuri."

Na alijigamba kuwa hana huruma. Hili lilikuwa uongo mtupu. Mwenye meza hurusha dadu zake nyuma ya kizuizi ili wachezaji wasione. Yeye alisimamisha faili lake la kahawia. Siku moja Wanjiru alikuja moja kwa moja kutoka zamu mbili mfululizo, mgonjwa wake amefariki alfajiri. Mhusika wake akapigwa mkuki. Mwenye Meza alirusha, akatazama nyuma ya faili kwa muda mrefu, akasema, "Imekosa." Mimi nilikuwa nimeketi upande wake. Dadu ilikuwa ishirini, pigo la kuua bila majadiliano. Aliniona nimeona. "Mama Neema," alisema bila kugeuka, "tazama karatasi yako."

Hofu yake moja ilikuwa kiti cha nne.

Sheria ya tamasha ni nyepesi, nayo ni ya haki kabisa, ndiyo maana inaudhi. Meza ikianza na wachezaji pungufu ya wanne, inawekewa alama. Mwenye meza hahesabiwi. Alama mbili mfululizo, meza inafutwa kwenye ratiba na nafasi anapewa mwingine. Saa ya kuanza ikifika, hupita mama mmoja mwenye fulana ya zambarau na ubao wa kuandikia, anahesabu matako yaliyo juu ya viti. Si majina. Hakubali kuambiwa mtu yuko njiani. Nadhani alishawahi kuishi na sisi mahali fulani.

Tulikuwa watatu wa kudumu: Wanjiru, Deo na mimi. Wa nne alikuwa tatizo la kila mwaka. Alikuja binamu, akaja mchungaji aliyedhani ni semina, akaja kaka mmoja wa Mombasa aliyetaka tu kujua kama Wanjiru ameolewa. Mwaka ambao hapakuwa na mtu kabisa, na fulana ya zambarau iko meza tatu kutoka kwetu, Mwenye Meza aliinuka, akamshika mkono Mmarekani aliyekuwa akitafuta pipa la kutupia kikombe, akamketisha. Jitu la watu, dereva wa basi la shule kutoka Fort Worth, limevaa joho la kijani na masikio marefu ya mpira.

"Mzee, huyu hajui Kiswahili," nilinong'ona.

"Haulizwi lugha. Anaulizwa kukaa."

Masikio, ndivyo tulivyomwita, alikaa saa nne akitabasamu. Hakuelewa hata chembe. Mwenye Meza alimchorea picha kwenye karatasi: mlango, joka, muhuri. Masikio alirusha dadu alipoguswa bega. Tulidhani hatutamwona tena. Mwaka uliofuata alikuwa wa kwanza kufika, ana daftari lenye maneno mia na kitu aliyoyaandika mwenyewe, akamwinamia Mwenye Meza: "Shikamoo, Mwenye Meza." Kisha, kwa uzito wa mtu aliyefanya mazoezi garini, "Nina muhuri." Wanjiru alilia, kisha akasema ni mzio.

Ndiyo maana nikisikia watu wetu wakiuliza tunafuata nini kwa wale wenye mikia, huwa sibishani. Ninawaalika. Mtu aliyejifunza lugha yako ili tu akupotezee muda pamoja nawe, mwite unavyotaka, lakini mwachie kiti.

Kisha figo za Mwenye Meza zikaanza kukataa kazi. Mwaka wake wa mwisho alisimulia ameegemea ukuta, miguu imevimba viatuni. Wanjiru aliitwa kazini asubuhi ileile, tukaanza watatu. Alama ya kwanza. Alimtazama yule mama akiandika, kisha akasimulia mpaka mwisho kana kwamba hajaona. Miezi michache baadaye binti yake alimchukua akaishi naye Stafford, upande wa Houston. Aliniachia faili. Kwenye simu alisema neno moja tu juu yake: "Wanne."

Basi mwaka uliofuata meza ilikuwa mikononi mwangu, na kwa kuwa mimi sasa nilikuwa mwenye meza, sikuhesabiwa. Nilihitaji wanne wengine. Nilijipanga kama mtu anayeoza binti. Wanjiru aliomba ruhusa miezi miwili kabla. Masikio alithibitisha. Dada mmoja Mkongo wa kazini, mgeni kwenye mchezo, niliendesha mwenyewe kumchukua. Deo aliapa. Nilimpigia saa moja kabla. Akasema yuko barabarani, na kwa mara ya kwanza ilikuwa kweli.

Dakika kumi kabla, Deo hayupo. Dakika tano, fulana ya zambarau imeingia safu yetu. Nikampigia.

"Niko hapa hapa, dada, nina-park!"

"Unatoka wapi?"

"Nimepitia sambusa."

"Umepitia nini?"

"Sambusa, kwa yule mama wa Irving. Arobaini. Sasa kweli, mezani kwa Mzee, mwaka wa kwanza hayupo, nije mikono mitupu?"

Wanjiru alininyang'anya simu. "Deo! Kimbia! Wacha hizo vitu kwa gari ukimbie, aki ya nani!"

Masikio alisimama mbele ya yule mama wa fulana ya zambarau na kumweleza, kwa Kiingereza chake na masikio yake yakitetemeka, habari za watu wanaojuliana hali na maadui. Alisikilizwa kwa adabu. Kisha yule mama akahesabu: mmoja, wawili, watatu. Akaandika alama ya pili. Deo alifika mlangoni akihema, trei mikononi imefunikwa kwa karatasi ya fedha, suruali imelowa mafuta. Ilikuwa imepita dakika tatu. Sambusa zilikuwa tamu sana. Yule mama wa fulana alichukua mbili.

Habari kama hiyo haitolewi kwa simu. Nikaendesha kwenda Houston, saa nne za barabara iliyonyooka, nikitunga sentensi na kuzifuta. Binti yake alinifungulia, akanijibu kwa Kiingereza, kama vijana wetu wote, kwamba baba yuko kliniki anasafishwa damu, hatoki mpaka mchana, niende tu, atafurahi.

Nilimsikia kabla sijamwona. Kwenye korido ya kliniki sauti yake ilikuwa ikieleza juu ya mlango. Kwa Kiingereza. Yule aliyesema Kiingereza hakina neno la kutosha hata kwa ugali.

Chumba kilikuwa na viti vya kulalia vilivyopangwa safu, kila kimoja na mashine yake, na mirija yenye damu ikienda na kurudi. Mwenye Meza alikuwa amefunikwa blanketi, mkono mmoja umefungwa, mwingine unachora hewani. Kushoto kwake mama wa Kimeksiko mwenye dadu juu ya trei ya chakula. Kando ya mama huyo, dereva mstaafu wa malori, kofia usoni, akisema anataka kuvunja dirisha. Kulia kwa Mwenye Meza, kinyozi wa Kivietinamu aliyemwambia dereva kwa ukali asivunje, kwanza apeleke fomu. Na kiti kimoja kilichofuata, kitupu, mashine yake imezimwa.

"Shikamoo, Mwenye Meza."

"Marahaba. Mama Neema! Ona." Alinionyesha chumba kwa kidevu. "Saa nne kila mara, siku tatu kwa juma. Hakuna anachelewa. Hakuna anaenda msalani. Wamefungwa na kamba! Mi nilitafuta batu ya namna hii maisha yote."

Nilivuta kigoda cha wageni nikakaa. Sentensi zangu zote za njiani zilikuwa zimekimbia. "Mzee," nikasema, "walitufuta."

"Walikuwa wangapi?"

"Watatu."

"Deo?"

"Alipitia sambusa."

Alifumba macho. Mabega yakaanza kutikisika, na nilidhani analia, mpaka mashine ikapiga kelele na nesi akaja mbio kumwambia asicheke, presha inapanda. Alijifuta machozi kwa blanketi.

"Ngapi?"

"Arobaini."

"Zilikuwa moto?"

"Moto."

"Bon." Akapumua. "Sasa sikiliza. Utaandika fomu mpya, kama meza ambayo haijawahi kuwa. Watakukatalia. Utaandika tena. Kuomba, Mama Neema, nani atatufundisha sisi?"

Nikasema nitaandika. Alinitazama kuhakikisha, kama zimwi linalolinganisha majibu, kisha akaingiza mkono chini ya blanketi, akatoa karatasi ya mhusika. Mwandiko haukuwa wake. Ulikuwa wa mtu mwenye herufi kubwa za duara. Ilikuwa ya shemasi mmoja wa Kinijeria, alieleza, mwenye kiti kile kitupu. Alipelekwa hospitali Jumanne. Aliposema hivyo wenzake watatu walitazama pengine, dereva akavuta kofia yake chini zaidi.

"Mushikie mutu wake," alisema Mwenye Meza. "Iko na roho tatu tu imebaki. Usimwue. Akirudi atauliza."

Mama wa Kimeksiko alinipa dadu, bado zina joto la kiganja chake. Nilisoma ile karatasi: shemasi alikuwa amejiandika mpiga ngoma, hodari wa kuogelea, mwoga wa mbwa. Nilikuwa mwangalifu mno, kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa wenyewe kanisani. Kila mlango niliuzunguka mara mbili. Dereva alilalamika kuwa ninachelewesha safari nzima.

Nesi akarudi na ubao wake. Alisema kwa upole kuwa wageni wanaruhusiwa dakika kumi na tano, na zangu zilikwisha zamani.

"Huyu si mgeni," Mwenye Meza alimwambia kwa Kiingereza chake kilichopigwa na gari kuliko Kiswahili cha Wanjiru. "Huyu ni wa nne."

Nesi alitazama kiti cha shemasi. Alitazama karatasi mkononi mwangu. Kisha akaenda kuniletea kiti chenye mgongo.